Gurudumu la Upande wa Dereva

Mwaitu Mumbua, binti yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, maana leo asubuhi nilikuona ukila chapati umesimama, tochi mkononi, unachungulia chini ya landrova kabla jua halijaingia uani. Yangu si nzuri. Ndiyo sababu nakuandikia ilhali tunalala nyumba moja, na ukuta ulio kati ya chumba chako na chetu hauzuii hata kikohozi.

Nianze na lile lililonikalisha hapa. Kesho usiitoe landrova nje ya geti kabla hujafungua gurudumu la mbele, lile la upande wa dereva, ukaangalia breki kwa macho yako mwenyewe. Leo mchana, ulipokuwa Dandora kwa shangazi yako kuombewa safari, niliifungua breki hiyo. Niliifunga tena, lakini sina hakika kama niliifunga sawasawa, na roho yangu iko juu tangu wakati huo.

Najua utakachosema. Utasema, "Baba, si tulikubaliana?" Tulikubaliana. Jumapili ulinikalisha sebuleni kama mtoto aliyekuja na ripoti mbaya, ukaniambia breki zote umezifanya wewe, umezijaribu barabara ya Kangundo kwenda na kurudi, na unaniomba jambo moja tu, nisiziguse. Nikasema sawa. Mama yako alikuwa anachambua maharagwe pale, akacheka, akasema, "Huyu? Huyu atazigusa." Nilimkasirikia sana, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kuzigusa.

Sitakuandikia habari za blanketi, dawa za malaria na simu ya kupiga kila jioni. Hayo mama yako amekwambia, na atakwambia tena asubuhi injini ikiwa imeshawaka. Mimi nataka ujue ilivyokuwa leo, na kwa nini mtu mzima aliyeahidi mbele ya mkewe alishindwa kutulia nusu siku tu.

Ulipotoka nilikaa na redio. Nilijitahidi kweli. Lakini kila mtangazaji aliponyamaza nilijikuta mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu, unakanyaga tena. Mama yako akaniuliza nasimamisha nini. Kisha akaenda sokoni na mifuko yake ya nafaka, nami nikabaki na nyumba, na gari, na wewe ukiwa mbali. Nikatoa jeki.

Ulikuwa umefanya kazi safi, mwanangu. Nakwambia kwa maandishi ili uwe nayo. Nilipoitoa ile dramu inayofunika breki nilikuta kila springi mahali pake, viatu vya breki vimekaa vizuri, hata bamba la nyuma, ambalo hakuna mtu hulitazama, ulikuwa umelisugua mpaka likang'aa. Nilitafuta kosa. Nililala kwenye gunia nikatafuta kosa kwa tochi, sikuliona. Basi badala ya kushukuru Mungu na kufunga gurudumu nikanyamaze, nikaona unyevu kwenye nati ya bomba la breki, pale linapoingia nyuma ya gurudumu. Nikasema, ndio huu, inavuja. Mtu mwenye akili zake angegusa kwanza kwa kidole. Mimi nilishika spana kwanza, nikalegeza nati, nikachomoa bomba, ndipo nikagusa. Yalikuwa maji. Uliosha gari asubuhi, na mimi ndiye niliyekufungulia mfereji.

Hapo simu ikalia, ikawa ni wewe.

"Baba, shangazi anauliza nikubebee mrenda ama kunde?"

"Kunde."

"Sawa. Na uko wapi?"

"Nimekaa tu."

"Mbona sauti inatoka kama umeinama?"

"Naokota miwani."

"Haya, okota polepole. Niko njiani baadaye kidogo, usile kabla sijafika."

Umesikia uongo huo? Mtu wa umri wangu. Simu ilipokatika mikono yangu iliendelea na kazi lakini kichwa kilibaki kwenye miwani ambayo ilikuwa puani muda wote. Nakumbuka nikiwa na lile bomba mkononi kabla hujapiga. Nakumbuka nikirudisha dramu baada ya wewe kupiga. Katikati hapo sikumbuki kitu. Sijui kama nati niliikaza kwa spana ama niliizungusha kwa vidole tu nikaiacha hivyo. Kisha nikaongeza mafuta ya breki, nikatoa hewa iliyoingia kwenye bomba, peke yangu, kwa kuegemeza ubao kati ya kiti na kanyagio, kazi ambayo ningekuona wewe ukiifanya hivyo ningekutukana. Kanyagio likawa gumu, zuri kabisa. Lakini gari lililosimama uani halijawahi kumwambia mtu ukweli wote kuhusu breki zake.

Nataka kukukumbusha jinsi gari hili lilivyofika hapa Kariobangi, kwa sababu wewe hulisimulia likachekesha, nami siku zote huwa nacheka nusu tu. Ulikuwa darasa la tano. Lilitoka Mutomo kwa mjomba wangu, alikokuwa amelifanya banda la kuku, likaja juu ya lori likiwa na manyoya na kinyesi mpaka kwenye usukani. Mama yako alitoka na mwiko akauliza kama kuku nao wanashuka. Majirani wakajaa getini. Yule kijana wa nyumba ya kona akasema kwa sauti, "Mzee, skrepu hupelekwa jalalani Dandora, haitolewi huko." Watu wakacheka, na wewe ukanitazama uone kama nimeumia. Nilikuwa nimeumia.

Ndiyo maana kitu cha kwanza nilichofanya kwenye gari lile kilikuwa kulipaka rangi. Sikuangalia injini, sikuangalia chini. Nililiosha, nikalipiga msasa, nikalipaka kijani kibichi mpaka ukijitazama ubavuni unaona meno. Majirani walinyamaza. Nilitembea mtaani wiki ile kifua mbele. Halafu tukalikokota mpaka Light, kule kwenye karakana, kwa Okoth, fundi wa kuchomelea, atazame kidogo tu kabla ya kufunga injini. Okoth hakuitazama rangi hata kidogo. Alichukua nyundo, akaingia uvunguni, akagonga chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, mara moja, na nyundo ikazama ndani.

"Mzee," akasema akiwa bado huko chini, "hii umepaka maiti poda."

Wewe ulicheka mpaka ukakaa kwenye tairi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Chesisi yote ilikuwa imeliwa na kutu ndani kwa ndani, huku bodi ya aluminiamu juu yake imekaa salama haina habari. Ilibidi tulivue gari lote tena, mlango kwa mlango, rangi yangu mpya ikikwaruzwa na kila kitu tulichokishika, na vipande vikakaa sebuleni na chini ya vitanda, mama yako akiruka usukani kwenda jikoni. Okoth alichomelea chesisi ile kidogo kidogo, kila nilipopata, na ilichukua miaka. Nimewahi kufikiri kwamba lau nisingewaogopa wale watu wa getini, ningeanza na nyundo.

Miaka hiyo ndiyo uliyokulia ukiwa chini ya gari. Ulianza kwa kuchekesha, ukivaa shati langu linalofika magotini. Kisha ukawa huchekeshi. Ulipofika kidato cha pili ulikuwa unaweza kufungua kabureta kwenye meza ya chakula, uikaushe kwa pumzi, uirudishe, na gari liwake. Nilijivuna, naam, nilikutaja kazini mpaka madereva wenzangu wakachoka. Na bado ulipotoka tu kwenda shule nilikuwa naenda na spana yangu, napitia nati zote ulizofunga jana yake. Nakaza kidogo tu. Hazikuwa zimelegea. Sijawahi kukuta hata moja iliyolegea, Mumbua, na sikuwahi kuacha kuzipitia.

Wewe ulijua. Nilidhani hujui, mpaka siku ile ulipokuja na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, ukaanza kuchora mstari mdogo kwenye kila nati uliyomaliza, mstari unaotoka kwenye nati ukaingia kwenye chuma kilicho chini yake. Nikafikiri ni urembo, nikakutania kwamba gari sasa litaolewa. Ukanieleza kwa utulivu.

"Ni ya kujua kama nati imejifungua njiani, Baba. Ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika."

Nikasema ni wazo zuri.

Ukachora mwingine, hukuniangalia. "Ama kama kuna mtu ameishika."

Nikajitia hamnazo, nikaingia ndani kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiziangalia nati zako kwa macho tu, mpaka leo. Ulikuwa pia umeanza kusubiri niende kanisani ndipo ufanye kazi kubwa kubwa. Nilikuwa nikirudi na Biblia kwapani nakuta gia imeshashushwa na kurudishwa, wewe umeshanawa, unasoma. Nilisema moyoni, mtoto huyu ni mwepesi. Sikutaka kusema kwamba mtoto huyu ananikwepa.

Kuna jambo jingine ambalo hukulijua, wala mama yako hajawahi kulisikia kutoka kinywani mwangu. Nilipokuwa kijana, dereva wa ofisi, nilikuwa nampeleka mpimaji mmoja wa ardhi kaskazini, tukipita barabara hiyo hiyo utakayopita kesho. Ukishatoka Timau barabara inaanza kuteremka kuelekea Isiolo, na inateremka muda mrefu, unaona nchi yote kavu iko chini yako. Madereva wa wakati ule tulikuwa na tabia ya kuweka gia frii kwenye mteremko, gari lijiendee lenyewe, tukila upepo. Ilionekana ni uhodari. Nami nikafanya hivyo, mguu juu ya breki, nikigusa, nikigusa, nikimsimulia yule mzee habari za mpira. Breki zikapata moto. Nikakanyaga, kanyagio likaenda mpaka sakafuni na halikunirudishia kitu.

Sitaki kukuelezea sana sehemu ile. Nilijaribu kurudisha gia ikakataa. Mbele yetu kulikuwa na lori lililobeba ng'ombe. Kushoto kulikuwa na ua wa seng'enge na nyuma yake shamba la ngano, nami nikaupinda usukani tukapita kwenye seng'enge, tukaingia kwenye ngano, ngano ikatupiga kioo mpaka gari likachoka lenyewe likasimama. Yule mpimaji akafungua mlango, akashuka, akatazama pande zote, akasema, "Dereva, leo umetuleta shamba." Halafu akaketi palepale kwenye ngano.

Nyumbani nilisema ni pancha. Mama yako alipofua suruali ile alikuta punje za ngano kwenye pindo la miguu. Alizianika dirishani zikakauka, hakuuliza. Alikuwa na mimba yako.

Sasa unajua kwa nini mguu wangu unakanyaga sakafu. Tangu siku ile nimeendesha maelfu ya safari bila ajali, lakini nikiwa abiria wa mtu yeyote nakanyaga breki isiyokuwepo, na nikimfikiria mtu ninayempenda kwenye mteremko ule, nakanyaga nikiwa kitandani. Ulipopata kazi hii ya kutibu ngamia huko mbele ya Marsabit, wenzako walisherehekea, mama yako akaimba, nami nikapiga makofi huku nikihesabu vilima. Uliposema hutaki kukaa huko ukingoja lifti, utakwenda na landrova, mimi ndiye niliyesema mbele ya watu, "Chukua, ni lako." Nilisema kwa sauti kubwa. Kisha nikakaa na ufunguo mfukoni mpaka leo, ukiutaka unakuja kuuomba.

Nimejiuliza mchana kutwa nilikuwa natafuta nini nyuma ya lile gurudumu. Nadhani nilitaka kukuta kosa. Ningekuta kosa ungebaki, walau siku mbili, tungeagiza kipuri, tungelaumiana, ungekula hapa. Hilo ndilo lililonitoa kwenye kiti. Kosa halikuwepo, na sasa labda lipo, nami ndiye niliyeliweka.

Lakini sijakwambia baya zaidi, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Baada ya kurudisha gurudumu niliingia chini na tochi kuangalia ile nati ya bomba kutokea nyuma. Mstari wako mwekundu ulikuwa umekatika. Nusu moja iko kwenye nati, imegeukia juu, nusu nyingine imebaki kwenye chuma, hazikutani. Nikaingiza spana nikaze, spana ikateleza. Nati ile ni laini, unajua. Ukiilegeza inavuja na ukiikaza kupita kiasi nyuzi zake zinakufa na itavuja vilevile. Nikajaribu tena nikahisi imesogea, ama mkono wangu ndio uliosogea. Hapo nikaiacha, kwa sababu kila nilipoigusa nilikuwa najua kidogo kuliko mwanzo. Nikalala pale kwenye gunia nikiutazama ule mstari, nikawaza kwamba kesho alfajiri utapita na tochi yako kama kawaida, utauona, utajua nilivunja ahadi, na utaondoka ukiwa umenikasirikia.

Basi nikainuka, nikaenda bafuni, nikachukua kile kichupa chako dirishani.

Nilirudi chini ya gari nacho. Nilikifungua. Nilipangusa mstari wa zamani kwa kitambaa chenye petroli, nikashika ile brashi ndogo, na tone lilikuwa limeshajikusanya kwenye ncha. Ningechora mstari mmoja tu, mfupi. Ungekuja asubuhi na tochi, ungeona mstari mzima, ungesema niko sawa, ungeingia barabarani. Ungefika Timau ukiiamini kazi yako, na kumbe chini ya mguu wako kungekuwa na kazi yangu imevaa alama yako. Mumbua, nilikaribia. Brashi ilikuwa karibu na chuma kiasi cha unene wa ukucha. Hapo nikaelewa nilichokuwa nataka kufanya, na nimeogopa tangu hapo kuliko nilivyoogopa kwenye ngano.

Mama yako alinikuta hivyo hivyo. Niliona kwanza viatu vyake.

"Baba Mumbua, unafanya nini huko?"

"Naangalia tu."

"Na hiyo rangi ya kucha?"

Akaweka kikapu chini, akainama mpaka tukaonana.

"Umeharibu?"

"Sijui."

"Hujui ama hutaki kusema?"

"Sijui kabisa, Mama Mumbua. Nimelala hapa na sijui."

Alikaa kwenye ngazi ya mlango na mtandio wake wa sokoni mabegani. Nilidhani atanipigia kelele. Alisema tu, "Basi mwambie akija."

"Nitamwandikia."

"Utamwandikia mtu anayekuja kula ugali hapa hapa?"

"Nikimwambia kwa mdomo nitaanza kujitetea. Unanijua."

"Hilo ni kweli," akasema, akaenda kuwasha jiko. Baada ya muda akachungulia mlangoni. "Na uandike yote. Usimwandikie ile ya pancha."

Kwa hiyo unaona, amekuwa akijua.

Niko mezani sasa, jua linaondoka kwenye mabati ya jirani, harufu ya vitunguu imejaa, na utafika wakati wowote na kunde zako. Nitakula nawe na nitajaribu kuwa mtu wa kawaida. Barua hii nitaiweka kwenye kiti cha chumbani kwako, ufunguo wa gari juu yake, usije ukasema hukuiona. Ufunguo huo usinirudishie.

Niruhusu niseme kidogo ninachoogopa, halafu ninyamaze. Naogopa mteremko. Naogopa mito ya mchanga huko mbele, inayoonekana mikavu halafu maji yanashuka kutoka mvua iliyonyesha mbali. Naogopa utaharibikiwa mahali pasipo mtandao, nami niko hapa nasikiliza redio. Hayo ni ya kawaida, kila mzazi anayo. Lakini leo nimejifunza kuogopa kitu kingine, nacho ni mimi mwenyewe ninapokupenda na spana mkononi. Huko uendako utakutana na watu wanaokupenda ama wanaokuheshimu, watakwambia, acha nikuangalizie hiyo. Wengine watakuwa wanajua kazi. Waache waangalie, uwashukuru, na wakishaondoka, ingia chini uangalie tena. Usiwe na aibu. Ungekuwa umenifanyia hivyo mimi miaka yote hii, mbele ya macho yangu, badala ya kusubiri niende kanisani, labda ningekuwa nimepona. Lakini nilikulea kwa heshima, na heshima hiyo nimeitumia vibaya.

Kama utakasirika, kasirika. Usiku wa leo ama njiani, wakati wowote utakaotaka. Ila usiondoke mapema kwa hasira bila kufungua gurudumu. Hilo tu ndilo ninaloliomba kwa magoti. Ukikuta nati iko sawa, bado ifungue, uifunge wewe. Ukikuta imekufa, safari itangoja siku moja, na nakuapia kwamba sitaifurahia siku hiyo, ingawa utaniona usoni nikijaribu kutofurahi.

Kisha utalazimika kutoa hewa kwenye breki upya, na hiyo ni kazi ya watu wawili, si ya mtu na ubao. Niamshe. Nitakuwa macho. Nitapanda kwenye kiti cha dereva, na wewe utakuwa chini kwenye gurudumu, nami sitauliza unafanya nini wala sitachungulia. Ukisema kanyaga, nitakanyaga. Ukisema achia, nitaachia. Tutafanya hivyo mpaka wewe uridhike, hata kama mimi ningekuwa nimeridhika zamani.

Halafu nitashuka, nikupishe.

Baba yako